Ya Kukulia

Sare ya shule nilimnunulia ya kukulia:
mikono nikaikunja mara mbili, pindo nikalishona kwa uzi mrefu,
nikasema, miaka miwili hii, Mungu akijalia.
Viatu nikavitia pamba.
Basi nilipoingia gereji ya Ċensu, pale Xlendi, hatua chache juu ya maji,
nilikuwa na akili ileile,
na yuro mia moja na ishirini ndani ya mfuko wa mkate.

Ylenia ana miaka kumi na mitatu na miguu isiyongoja mshahara.
Neriku ana kumi, na anataka chochote alichokigusa dada yake.

Suti za kuzamia zilining'inia kwenye bomba
kama watu waliotoka ndani yao wenyewe,
nyeusi, magoti yamepauka,
zinanuka mpira na poda na chumvi ya mwaka jana.
Nikachukua kubwa. Ċensu akanipokonya.
"Hii si koti, mama. Ikipwaya, maji baridi yanaingia mgongoni,
yanatoka, yanaingia mengine,
na mtoto anatetemeka kabla hajaona hata samaki mmoja.
Suti humbana mtu wa leo. Ya kesho, njoo kesho."

Njoo kesho! Mimi ninayeoka mikate saa tisa usiku
ili kesho iwe imelipwa tangu jana.

Ndani ya kola ya ile ndogo mlikuwa na majina, kwa wino:
Luana.
Feliks, limekatwa.
Bertu, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka.
"Yuro thelathini. Ukiirudisha haina tundu, nakupa kumi na tano."
Nikapiga hesabu: mwaka mzima wa mwili wa mwanangu, yuro kumi na tano.
Hata soksi zake zinanigharimu zaidi.

Barakoa tulizijaribu bila kufunga mkanda:
unaibandika usoni, unavuta pumzi kwa pua, unaachia mikono.
Ya bei kubwa ilimwangukia Neriku miguuni.
Ya yuro nane, yenye mkwaruzo pembeni, ikamganda kama kupe,
mpaka alipocheka.

Kisha nikaona kidhibiti hewa rafuni, mpira wake umepasuka kidogo,
bei imeandikwa kwa chaki, ikafutwa, ikashushwa.
Mtoto akililia wembe, mpe; hilo tunaambiwa.
Akililia pumzi, apewe ya bei gani?
Ċensu akakigeuza kikatazama ukuta.
"Hicho ni cha wanaopamba baa.
Cha kupumulia, kodi kwenye shule ya wazamiaji,
kilichokaguliwa, na tarehe ya ukaguzi uisome kwa macho yako."
Niliisoma mara tatu.

Septemba vifundo vya miguu vya Ylenia vilikuwa nje. Miezi mitano tu!
Mapezi yake, namba thelathini na nane, yalimuuma vidole,
na kwa Neriku yalikuwa makasia.
Nikayabeba kuyarudisha.
Kwenye ngazi za mawe zinazoshukia majini nikakaa kupumzika,
nikavua kandambili,
nikayavaa. Sijui kwa nini.
Yakanienea.

Kwetu nguo hushuka, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo.
Hakuna aliyeniambia zinaweza kupanda.
Na mimi nimezaliwa kisiwani, nimezalia kisiwani,
na maji hayajawahi kunipita magoti.

Ylenia alinikuta hapo. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha.
Akanipa ile barakoa ya yuro nane.
"Tema mate ndani, mama. Paka. Suuza. Haitaingia ukungu."
Nikatema, mwanamke mzima, mbele ya watalii.
Akanishika kiwiko kwa uangalifu, kama ninavyoshika trei ya moto,
akasema, pumua polepole,
nami nikainamisha uso.